Opeth na hofu ya kutunga kwa lugha yako

KILA muhula hakosi mwanafunzi wa kuniuliza: "Prof, nikiandika kwa Kiswahili, nani atanisoma huko nje?" Siku hizi humjibu kwa mfano wa Opeth, bendi ya Uswidi inayopiga roki nzito yenye mipinduko mingi.

Tangu albamu yake ya kwanza, mwaka 1995, bendi hiyo ilikuwa ikiimba kwa Kiingereza. Mwaka 2019 kiongozi wake, Mikael Åkerfeldt, akatunga 'In Cauda Venenum' kwa Kiswidi. Hata hivyo, alihofia kuwapoteza mashabiki, akatoa na nakala ya Kiingereza. Muziki ni ule ule; maneno ndiyo tofauti.

Nimezisikiliza zote mbili. Kiswidi sikijui hata cha kuombea maji, lakini humo silabi na mdundo vimeoana. Katika Kiingereza, naisikia sauti ikiukimbiza muziki. Wahakiki wengi waliisifu albamu hiyo, na si haba walioichagua nakala ya Kiswidi.

Basi tafsiri ije baadaye. Kwanza tunga kwa lugha inayokutoka moyoni. Uswidi ina watu wapatao milioni 10 tu. Sisi wa Kiswahili, tulio zaidi ya milioni 100, tunaogopa nini?