Pakistani, Tabora na Suala la Umoja wa Taifa

Upo mtazamo uliozoeleka kwamba matatizo ya kisiasa ya Pakistani yanatokana na dini. Wapo pia wanaodai kinyume chake: kwamba dini moja yatosha kujenga taifa. Mitazamo yote miwili ina kasoro ileile. Inatazama watu wanaswali wapi. Haitazami nani anamiliki ardhi, nani ameshika dola, na nani anafaidi mali ya nchi.

Historia inaikanusha. Pakistani iliundwa mwaka 1947 kwa hoja kwamba Waislamu wa Bara Hindi ni taifa moja. Lakini zaidi ya nusu ya raia wake walikuwa wa mashariki, wengi wao Wabengali. Walipodai lugha yao iheshimiwe, waandamanaji wao walipigwa risasi mjini Dhaka tarehe 21 Februari, 1952. Chama chao kiliposhinda uchaguzi wa mwaka 1970, watawala wa kijeshi hawakukabidhi madaraka. Mwaka 1971 nchi ikapasuka, Bangladeshi ikazaliwa. Dini moja haikuzuia mauaji.

Kwa watu wa Tabora habari hizi si za mbali. Wabulushi, askari wa Sultani wa Unguja, walipita njia ya misafara mpaka Unyanyembe. Ndio waliowalinda Burton na Speke walipoingia Kazeh mwaka 1857. Sehemu kubwa ya nchi ya asili yao leo ni jimbo la Pakistani. Huko, mahali paitwapo Sui, gesi iligunduliwa mwaka 1952. Karachi iliipata katika miaka ya 1950. Quetta, makao makuu ya jimbo lenyewe, ilingoja mpaka miaka ya 1980. Je, Mbulushi aliyeasi aliasi dini?

Tulinganishe njia mbili za mwaka 1958. Mwezi Januari, mkutano mkuu wa TANU mjini Tabora uliamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimisha kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sharti hilo lilikuwa la kibaguzi, lakini TANU ililigeuza kuwa silaha kwa kuwaunga mkono wagombea wa rangi zote waliokubali shabaha yake. Mwezi Oktoba, Jenerali Ayub Khan alitwaa madaraka Pakistani kabla uchaguzi mkuu wa kwanza haujafanyika. Mageuzi yake ya ardhi ya mwaka 1959 yaliruhusu kabaila mmoja kubaki na ekari 500 za umwagiliaji.

Hata hivyo, tusijisifu. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba kabla wao hawajaona manufaa yake. Kada anayetosheka kuwaita wachochezi hajajifunza lolote kutokana na Dhaka wala Quetta. Umoja haulindwi kwa hotuba. Hulindwa kwa kuwapa wananchi sauti katika uamuzi na haki katika mali ya nchi yao.