Picha Haivuji: Uhakiki wa Istilahi za Kuanika Faragha

Kazi ya kusanifu istilahi aghalabu hudhaniwa kuwa ni kuvitafutia majina vitu vipya tu. Liko tawi jingine la kazi hiyo, nalo ni kuyahakiki majina yaliyokwisha kushika vinywani mwa watu bila kupitia kamati yoyote. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yatumiwayo siku hizi magazetini, vituoni mwa polisi na mahakamani kukitajia kitendo cha mtu kuchukua picha ya utupu au ya kitandani ya mwenziwe na kuieneza kwa watu bila ya mwenyewe kuridhia. Dai letu ni kwamba karibu maneno yote hayo humficha mtenda kosa na kumtanguliza mbele yule aliyetendewa. Kasoro hiyo si ya ufasaha peke yake, kwani neno linaloandikwa katika kitabu cha malalamiko ndilo linaloamua nani atahojiwa.

Tuchukue mahali mahususi ili hoja isielee hewani. Didia ni kata ya Wilaya ya Shinyanga, kando ya barabara itokayo Shinyanga mjini kuelekea Tinde. Wanaume wengi wa sehemu hizo huenda machimboni, Kahama na Geita, wakakaa huko miezi kadhaa, na katika muda huo simu ndiyo huwa chumba cha mume na mke. Tuseme mke aliyeko Didia amempelekea mumewe aliyeko Nyarugusu picha ambayo hakuna mwingine aliyepaswa kuiona. Simu ya mume ikaharibika akaipeleka kwa fundi. Au aliiuza bila ya kuifuta. Au wawili hao waligombana, na mume akataka kumkomesha. Haupiti muda, picha iko Didia, mikononi mwa vijana wa stendi na mashemeji. Mwanamke huyo akifika mbele ya mtendaji wa kata, au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, atasemaje? Kwa maneno yaliyopo atasema, "Picha zangu zimevuja." Naye karani, akitafuta neno la kiofisi, ataandika kwamba mlalamikaji amefika kuhusu "picha chafu". Sentensi mbili zimekwisha kutamkwa, na mtu aliyezieneza hajatajwa katika yoyote.

Tulitazame kwanza neno *kuvuja*. Mtungi huvuja, paa huvuja, siri nayo husemwa imevuja. Katika mifano yote hiyo kinachovuja hutoka chenyewe kwa sababu chombo ni kibovu. Atakayelaumiwa, kama yuko wa kulaumiwa, ni mwenye mtungi: kwa nini hakuuziba? Picha haina tabia hiyo. Haitoki simu moja kuingia nyingine mpaka kidole cha mtu kiitume. Kiswahili hakikosi njia ya kulisema jambo hilo, kwani kitenzi chenyewe kina kauli ya kutendesha: *kuvujisha*. Anayevujisha ni mtu, na sentensi haikamiliki bila ya kumtaja. Waandishi wetu wa magazeti wanaijua kauli hiyo na huitumia mtihani unapoibwa. Mtihani husemwa *umevujishwa*, na polisi huanza kumtafuta aliyeuvujisha. Picha za mwanamke *huvuja*. Hatuoni sababu ya kisarufi ya tofauti hiyo.

Jambo hilo hilo la viambishi linajitokeza katika jina la aliyetendewa. Tanzania tumezoea kusema *mwathirika*, na wenzetu wa Kenya husema *mwathiriwa*. Wengi huichukulia tofauti hiyo kuwa ya lafudhi tu, lakini ni zaidi ya hivyo. Kiambishi *-ik-* huonesha hali iliyomfikia mtu pasipo kuuliza imeletwa na nani: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Kiambishi *-iw-* humdai mtenda: kikombe kimevunjwa, na aliyekivunja yuko. Mtu wa tetemeko la ardhi aweza kuitwa mwathirika bila ya kupunjwa. Mtu wa picha iliyosambazwa ametendwa na mtu, na kwa hiyo *mwathiriwa* ndilo jina lake. Tena *mwathirika* kwa miaka mingi limetumika hapa nchini kuwatajia wenye virusi vya UKIMWI, na likaokota unyanyapaa njiani. Ama *mhanga* tusilitumie kabisa, maana anayejitoa mhanga hujitoa mwenyewe.

Sasa tuje kwenye *picha chafu*, *picha za utupu* na *ponografia*. La kwanza ni hukumu, si istilahi. Uchafu hupachikwa kwenye picha, na kutoka kwenye picha humrukia mwenye mwili uliomo. La pili ni kweli kwa kiasi, lakini halitoshi: picha ya daktari ya jeraha la paja ni ya utupu na haina kosa, na picha ya wapendanao waliovaa nguo zao wakibusiana yaweza kumharibia mtu ndoa ikienezwa. Kosa halimo katika kiasi cha nguo.

La tatu ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa limeingia katika sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 14, inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta au teknolojia nyingine ya mawasiliano. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Na adhabu huzidi pale picha inapohesabiwa kuwa ya kuchochea ashiki au ya kuchukiza, faini ikawa si chini ya milioni 30 na kifungo si chini ya miaka 10. Msomaji ataona ukali wa sheria. Lakini katika kifungu hicho ridhaa haikutajwa. Kinacholindwa ni macho ya jamii yasione, wala si heshima ya aliyepigwa picha. Na kwa kuwa neno *kuchapisha* limepewa ndani ya sheria hiyo maana pana, ambayo hata kutuma kumo, yule mke wa Didia aliyempelekea mumewe picha anaweza kujikuta yumo katika kifungu kile kile alichokwenda kukimbilia. Kipo kifungu cha 23, kinachohusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu, chenye faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Hicho kinamfaa mwanamke anayetishiwa. Hakimfai sana yule ambaye picha yake imepelekwa kwa wengine wote isipokuwa yeye.

Kwamba hofu hii si ya vitabuni, mwaka 2018 ulionesha. Mwezi Aprili wa mwaka huo, waziri aliyesimamia habari, Harrison Mwakyembe, alizungumza Bungeni juu ya wasanii waliohojiwa na polisi kwa sababu ya video zilizoenea mtandaoni. Mmoja wao, mwanamke, alikuwa ameonekana katika video ya faragha, naye akaomba radhi hadharani. Nchini Uganda, mwaka 2014, mwanamuziki mmoja alisambaziwa picha zake na mtu aliyekuwa mpenzi wake, na waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, akataka akamatwe yeye mwanamuziki, kwa Sheria dhidi ya Ponografia iliyokuwa imetungwa mwaka huo huo. Vifungu muhimu vya sheria hiyo vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba ya Uganda mwaka 2021. Waziri hakulitumia neno vibaya. Neno *ponografia* linauliza "Nani yumo katika picha?" na yeye akajibu swali aliloulizwa.

Kenya walikwenda hatua mbele. Sheria yao ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, kifungu cha 37, inamtia hatiani mwenye kusambaza picha ya faragha au ya kuchukiza ya mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi za Kenya 200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Maneno "ya mtu mwingine" ni madogo, lakini ndiyo yanayogeuza kila kitu, kwani yanamtoa mwenye picha katika kizimba. Wangeitaja na ridhaa tungewasifu zaidi.

Yako mapendekezo ya baadhi ya wafasiri kwamba tuchukue *ponografia ya kisasi*. Hatuyaafiki hata kidogo. Kisasi katika Kiswahili ni deni, hulipwa. Hakuna kisasi pasipo jambo lililotangulia kutendwa na yule anayelipizwa. Kwa hiyo anayesema "kisasi" amekwisha kukiri kwa niaba ya mwanamke kwamba alianza yeye: alimwacha mtu, alikataa posa, alidai talaka. Wala neno hilo halimgusi fundi simu aliyezinakili picha ili azichekee na wenzake, kwa kuwa hana kisasi na mtu asiyemjua. Waingereza, kwao neno hilo lilikotumika sana, waligundua udhaifu huu kwa gharama. Sheria yao ya mwaka 2015 ilidai kwanza ithibitishwe kuwa msambazaji alikusudia kumtia mwenziwe uchungu. Mwaka 2023 wakatunga kosa la msingi ambalo halidai nia hiyo. Hatuna haja ya kuifuata njia ndefu ambayo wao wenyewe wameiacha.

Vijana nao wana neno lao, *koneksheni*, kwa maana ya video za namna hii zipitishwazo katika makundi ya simu. Tumelisikia likitamkwa kwa wepesi, kama mtu aulizaye bei ya nyanya. Halina mwanamke ndani yake, halina mwanamume, halina kosa. Lina njia tu ya kupatia kitu. Neno la namna hiyo halifai hata kuhakikiwa kwa urefu.

Kiini cha jambo ni *ridhaa*, nalo lahitaji kutenganishwa na *idhini*. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka na huweza kuandikwa kwenye karatasi. Ridhaa hutoka moyoni, na inaweza kurudishwa. Aliyeridhia kupigwa picha hakuridhia itunzwe milele, na aliyeridhia itunzwe hakuridhia ipelekwe kwa wengine. Kwa upande wa Usukuma mfano uko karibu. *Chagulaga* ni desturi ambayo vijana humzingira msichana njiani wakimtaka achague mmoja wao. Kwa umbo, neno hilo ni la hiari, maana linamwambia achague. Lakini anayechagua akiwa amezingirwa hajaridhia, na viongozi na walimu wa sehemu hizo wamelisema hilo mara nyingi. Ni hivyo hivyo kwa binti aliyebembelezwa wiki nzima atume picha kwa kuambiwa kwamba asipotuma hapendi. Istilahi yetu isiishie katika "kusambaza bila ridhaa" pasipo kufafanua kwamba ridhaa ya jambo moja haizai ridhaa ya jambo la pili.

Kuhusu sifa ya picha yenyewe, tuliwahi kufikiria *picha ya unyumba*, kwa kuwa Katiba yetu, katika ibara ya 16 iliyoingizwa pamoja na haki nyingine mwaka 1984, inalitaja neno *unyumba* miongoni mwa mambo ya mtu yanayostahili hifadhi. Ni neno zuri, ila linawabana waliooana. Binti wa sekondari na mchumba wa mtu wangebaki nje. *Faragha* ni pana zaidi. Kwa sheria, basi, twapendekeza *usambazaji wa picha za faragha bila ridhaa*, na katika maana ya *picha* ziingizwe pia zile za kuundwa kwa akili mnemba, au akili unde kama wasemavyo wengine, ambamo sura ni ya mtu na mwili si wake. Aliyebandikiwa mwili wa mwingine hana hata picha aliyoitoa ili alaumiwe nayo. Jambo hili lina haraka, kwa sababu tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza zinahitaji tafsiri, na mfasiri atalichukua neno atakalolikuta mezani.

Tunakubali kwamba istilahi hiyo ni ndefu, na haitatamkwa sokoni. Kwa matumizi ya kila siku twapendekeza *kuanika faragha*. Kuanika hakujitendi. Mpunga wa Didia hauendi wenyewe juani, wala michembe haijitandazi juu ya mwamba. Yuko aliyeibeba akaitandaza. Tena kitu kinachoanikwa si kibaya: ni cha thamani, ni cha mwenyewe, na kilikuwa ndani. Maneno hayo yanasema yote matatu bila ya kulaani mwili wa mtu. "Mume wangu ameanika faragha yangu" ni sentensi ambayo mtendaji wa kata hawezi kuiandika bila kuuliza jina la mume.

Kitenzi hicho kina na mwenzake, *kuanua*, yaani kukitoa juani kilichoanikwa na kukirudisha ndani. Twapendekeza *amri ya kuanua* iwe jina la agizo la mahakama la kuondoa picha mtandaoni na kufuta nakala zilizoko katika simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuanza kuizoesha nchi fikra kwamba taarifa za mtu zina mwenyewe, na kwamba mwenyewe anaweza kudai zifutwe. Jina la kufaa lingeirahisisha kazi ya hakimu. Ni kweli kwamba mpunga ukianuliwa unakwisha kuanuliwa, na picha huacha nakala ambazo hakuna azijuaye zote. Kwa hiyo amri ya kuanua isimfikie yule wa kwanza peke yake, bali kila aliyepokea na kupeleka mbele, akiwamo shemeji wa Didia anayedai kwamba yeye aliikuta tu katika kundi la ukoo.