Ustadi wa Kuhitilafiana

Watu huwasifu mafundi wa nakshi na wahunzi, na aghalabu humsahau yule awezaye kumpinga ndugu yake katika imani, kwa hoja zake zote na kwa sauti yake yote, asimpoteze. Wengi hudhani kwamba huyo ni mpole wa tabia, aliyeumbwa hivyo; mimi naona kuwa ni kazi ya kujifunza, na wanagenzi wake huharibu vitu vingi kabla mkono haujatulia.

Katika jambo hili kadhia niipendayo ni ile ya Kikuyu, mahali palipo katika Kenya ya leo, kwa kuwa hapana aliyeianza vizuri. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, wa Kanisa la Skoti, wa Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana katika misheni ya Waskoti, wakafanya shauri la kuziunga misheni zao kuwa shirikisho. Na mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa akawapa Ushirika Mtakatifu wote pamoja, kwa sala za Kianglikana, ndani ya kanisa la Kipresbiteri. Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye kwake uaskofu ulikuwa ndio nguzo ya Kanisa lenyewe, alighadhibika, akawashitaki Peel na Askofu Willis wa Uganda, mwenyekiti wa mkutano ule, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kosa lao uzushi. Ukali huo ulipita kiasi, nami siutetei. Walakini namstahi kwa kuwa alitaja majina waziwazi, hakunong'ona.

Davidson alikataa kuwapeleka mbele ya mahakama ya uzushi. Aliwaachia kadhia wazee wa mashauri, waliokutana Julai 1914, na jibu lake mwenyewe halikutoka hata Pasaka ya 1915. Wacheshi wa Uingereza wakasema kwamba ibada ile, kwa mujibu wa jibu hilo, ilimpendeza Mungu mno, na isirudiwe kamwe. Mzaha mtamu, ila waliocheka hawakuona kwamba kukawia kule kwa makusudi ndiko kulikokuwa ustadi, kwani hukumu ya haraka ingempa mmoja ushindi, na mshindi katika mambo haya hubaki hana wa kusema naye.

Wakati huo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuingia. Weston akaongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar. Peel akafariki mwaka 1916, na lolote ambalo mshitaki wake angetaka kumwambia likakosa wa kuambiwa.

Julai 1918 mkutano wa pili uliitishwa Kikuyu, na Weston akaenda. Hakupunguza hata chembe ya itikadi yake: aliwaambia wasio na maaskofu kwamba umoja usio na uaskofu hataukubali. Lakini akaongeza neno ambalo, kwa rai yangu, lina thamani kuliko kitabu kizima cha mawaidha, kwamba wao wakikubali kuwekewa mikono na askofu, yeye naye yu tayari kusimama mbele ya jamaa zao zozote, apokee kwao idhini watakayopenda kumpa ya kuhudumu kati yao. Kilichowauma wachungaji wale hakikuwa uaskofu peke yake, bali kule kudhaniwa kwamba huduma yao ya miaka yote ilikuwa pungufu. Naye alitafuta, ndani ya mipaka ya imani yake, kitu cha kutoa ambacho kingegusa heshima yake mwenyewe pasipo kuigusa imani hiyo. Kukipata kitu cha namna hiyo si kazi ya moyo mlaini, ni kazi ya akili iliyokaa na hoja za mpinzani hata ikajua zinamuuma wapi.

Hawakukubaliana. Shirikisho halikuwa, mahali pake misheni nne zikatia sahihi muungano wa kazi tu, kila moja ikishika taratibu zake, na mwaka 1926 muungano huo ukazaa Alliance High School pale pale Kikuyu. Lakini mwaka 1920, maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth na kuwaandikia Wakristo wote wito wa umoja, waliandika kwamba wao wenyewe wangekuwa radhi kupokea idhini kwa makanisa mengine. Na Weston alikuwa mmoja wao.