Fundi wa Kasha la Barafu

Anayeingia soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, huvutwa kwanza na wapiga mnada, kisha na harufu ya wakaangaji. Mpanga barafu hana wa kumtazama. Ana nyundo, koleo na kasha lenye kuta nene, au friji kuukuu iliyolazwa chali, na ndani yake mali ya mtu mwingine. Kazi aliyopewa ni kuifikisha bara ikiwa bado inaitwa samaki.

Huanza kwa kuvunja. Pande kubwa la barafu humgusa samaki kwa ncha tatu nne tu, na kwingine kote hubaki hewa, nayo ni mpitishaji mbovu wa joto: maji huipita mara ishirini na zaidi. Basi hulivunja mpaka vipande viweze kuingia chini ya pezi na ndani ya tumbo. Lakini hasagi kuwa unga, maana unga kwenye jua la saa nne huisha kabla kifuniko hakijafungwa. Kipimo cha katikati hapo kiko mkononi mwake.

Kisha huiacha barafu ilowe, na hapo ndipo tajiri mwenye samaki huanza kununa, kwani kila tone linalochuruzika huliona ni hela yake. Hesabu iko upande wa fundi. Kilo moja ya barafu iliyotoka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, humeza kilojuli 38 hivi za joto hadi kufika sifuri. Ikishafika, kuyeyuka tu, bila kipimajoto kusogea, humeza 334. Joto hilo lingeweza kuyapandisha maji yake yenyewe kutoka sifuri hadi karibu nyuzi 80. Kwa hiyo barafu iliyokaa kavu na ngumu pembeni mwa kasha, inayopendeza macho, karibu haijafanya kazi yoyote.

Mwanasayansi Joseph Black aliliona hili huko Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1760. Alining'iniza chupa mbili ukumbini, moja ya barafu, nyingine ya maji yaliyokaribia kuganda. Maji yalipanda nyuzi 7 za Farenhaiti kwa nusu saa. Barafu ilichukua saa kumi na nusu kuyeyuka na kufikia kiwango hichohicho. Baadaye akatia barafu aliyoipima ndani ya maji ya moto aliyoyapima, akasoma joto vilipokutana, na majibu ya njia hizo mbili yakakaribiana sana. Yako karibu pia na jibu la leo, ingawa vyombo vyake vilikuwa mizani, vipimajoto na subira.

Turudi Feri. Ukichanganya kilo moja ya maji ya nyuzi 30 na nusu kilo ya barafu inayoyeyuka, gramu 375 hivi zitaisha, zilizosalia zitaelea, na vyote pamoja vitatulia kwenye sifuri. Ongeza kilo mbili nyingine za barafu: ni sifuri ileile. Fundi haongezi barafu kwa kutaka baridi kali zaidi. Anainunulia sifuri muda wa safari. Kumpoza samaki mwenyewe kutoka joto la pwani huhitaji barafu ya theluthi moja ya uzito wake, lakini katika nchi za joto kanuni ni kilo kwa kilo. Hiyo ziada ni ya kupambana na joto linalopenya kuta usiku kucha.

Ndiyo maana hatandazi sawasawa. Chini huweka tandiko nene, kando ya kuta na kwenye kona huongeza, juu huongeza tena. Katikati, samaki kwa samaki, hubana mkono. Waliopasuliwa hujazwa barafu tumboni na kulazwa kifudifudi ili maji yasituame. Changu hawampi shida. Nguru mnene ndiye mtihani, kwa sababu unene ukizidi mara mbili, muda wa baridi kufika kwenye uti huwa karibu mara nne. Huyo hutoswa kwanza kwenye pipa la maji na barafu, yamzunguke pande zote, ndipo apangwe. Jodari hana msamaha kabisa: akicheleweshwa kwenye joto, nyama yake hutengeneza histamini, sumu ambayo hakuna moto wa jikoni utakaoiondoa.

Wapo wanaotumia maji ya bahari kwenye pipa hilo. Chumvi huishusha baridi chini kidogo ya sifuri, na samaki hupoa upesi. Chumvi ikizidi, nyama huanza kuganda kwa nje na baadaye hulegea. Mimi naona aliye hodari ni yule ajuaye kuishia njiani.

Mwisho huzibua tundu la chini. Maji yaliyoyeyuka yameteremka juu ya kila ngozi yakikusanya joto, damu na ute. Yakizuiwa, safu ya chini italala kwenye uchafu wa safu zote.

Kasha likifika Morogoro au Dodoma, mnunuzi mzoefu hashughuliki na tabaka la juu. Huchimba konani, kisha katikati, anamtoa nguru mkubwa kuliko wote, anafunua mashavu, anamchanja mgongoni na kutia kidole hadi kwenye uti. Akikuta ubaridi huko, na konani bado kuna vipande vilivyolika ncha, halumbani juu ya bei.