Bawa Lililojengwa Gereji

Richard Schreder alitwaa ubingwa wa Marekani wa kurusha glaida, yaani ndege zisizo na injini, mara tatu: 1958, 1960 na 1966. Mara zote alirusha ndege aliyoibuni mwenyewe. Bingwa mwingine angeifungia siri hiyo kabatini. Schreder, kutoka mji mdogo wa Bryan, Ohio, aliichora ndege yake, akaipakia makashani vipande vipande, akamuuzia yeyote mwenye gereji na subira. Ili kumjua vizuri mbunifu huyu, tufuate ujenzi wa bawa la HP-18, ndege yake ya miaka ya 1970.

Kazi huanza na boriti kuu, uti unaobeba sehemu kubwa ya mzigo wa bawa. Sehemu zake nzito ni alumini iliyochongwa kwa mashine kubwa, na ikikatwa vibaya haiungiki. Kwa hiyo Schreder hakumwachia mjenzi kazi hiyo. Sehemu hizo zilifika zimekwisha kuchongwa. Pua ya ndege nayo, ambayo ni faibaglasi iliyofinyangwa kwenye kalibu, ilifika ikiwa na umbo lake. Magumu yanayodai mitambo yalibaki Bryan. Yanayodai muda ndiyo yaliyosafirishwa.

Sasa zamu ya mbavu. Mbavu za bawa la alumini kwa kawaida ni bati lililokunjwa, likafungwa kwa ribiti. Za Schreder ni povu gumu la plastiki, jepesi, linalokatika kwa msumeno mdogo. Mjenzi huweka kiolezo, hukata nje kidogo ya mstari, kisha husugua kwa msasa mpaka ukingo ulingane na kiolezo bila kuchomoza popote. Hufanya hivyo ubavu baada ya ubavu, maana mbavu hizi ni nyingi na hupangwa zikikaribiana sana.

Sababu ya kukaribiana huonekana pale ngozi inapovikwa. Ngozi ni bati jembamba la alumini. Likiachwa bila cha kuliegemeza, hubonyea katikati ya ubavu na ubavu, na bonde hilo, hata kama jicho halilioni, huivuruga hewa inayoteleza juu ya bawa. Ndege yenye injini huweza kuufidia upotevu huo kwa mafuta. Glaida, ikishaachia kamba iliyoivuta angani, haina akiba nyingine ila kimo chake na hewa inayopanda.

Kabla ya gundi, bati husafishwa mafuta, hukwaruzwa ili gundi ishike, kisha halishikwi tena kwa kidole kitupu. Gundi yenyewe, epoksi, hupimwa kwa uwiano wake, hukorogwa taratibu, hupakwa kwenye kingo za mbavu. Hapo saa huanza kuhesabu: bati lazima litulie mahali pake na kukandamizwa sawasawa kabla gundi haijaanza kukaza. Halafu mjenzi huzima taa na kwenda kulala. Kuliinua bati kabla ya wakati ili kuchungulia ndani ni kuibomoa kazi yote.

Baadaye huja puti na msasa. Mjenzi hupitisha rula ndefu juu ya bawa, hutafuta mwanga unaopenya chini yake, hujaza palipobonyea, husugua, hupima tena. Kiganja nacho hupima: hupapasa kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma, kikitafuta tuta ambalo jicho limelipita.

Kwenye ukingo wa nyuma wa bawa kuna flapu, vibamba vinavyoinamishwa chini, na humo werevu wa Schreder umejificha. Glaida nyingi hutua kwa kutumia breki zinazochomoza katikati ya bawa, na breki hizo hudai visanduku na matundu kwenye ngozi. Yeye alizifanya flapu zake ziteremke mpaka nyuzi 90. Zikisimama hivyo, ndege hushuka kwa mteremko mkali bila kushika kasi, hata ikatua kwenye kiwanja kifupi. Hakuna tundu la kukata juu ya bawa. Mkia nao una umbo la V: vipande viwili badala ya vitatu, yaani kimoja pungufu cha kujenga.

Schreder alifariki mwaka 2002. Wako waliofunzwa naye ambao hawakuwahi kumpa mkono, kwa sababu mafunzo yake yalikuwa ndani ya vipimo: alikwisha kujiuliza mtu aliye peke yake usiku, mwenye zana chache na ajira ya mchana, ataweza nini na atashindwa nini. Akayaondoa ya kushindwa. Yaliyobaki ni mengi na ya kuchosha, lakini hakuna hata moja linalohitaji kipaji. Ndiyo maana mtu wa kawaida, akiwa tayari kusugua ubavu mmoja kisha mwingine, aliweza kujenga ndege ya kushindania mbio, na akajua kila kiungo cha bawa linalombeba.