Nani Anashika Ufunguo wa Serkle?

Katika kambi moja ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi hapa Lubumbashi kuna jumba ambalo wazee wanaliita "serkle" hata leo. Kwa miaka mingi lilikuwa gofu: mabati yaliibwa, milango pia, mbuzi walilala ndani. Sasa limetengenezwa. Kuta zimepakwa rangi, na juu ya mlango wameandika kwamba ni nyumba ya utamaduni kwa watu wote. Siku ya kuifungua tulikuwako, tukapiga makofi sawa wengine. Kisha kuitembelea mara mingi, tunapenda kusema mazuri tuliyoyaona na yale yanayotusumbua.

Tuanze na historia. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwajengea wafanyakazi wake makambi yenye shule, hospitali na serkle. Mule watu walicheza ngoma, walitazama sinema, walikunywa bia. Wake zao walifundishwa kushona kwenye fwaye. Vyote vilikuwa vya kampuni: ndiyo ilitoa, ndiyo ilipanga na saa ya kufunga. Serikali ilipochukua mali hiyo mwaka 1967, ikazaliwa ile kampuni tunayoiita Gécamines, desturi ikaendelea vile vile. Lakini mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, kazi ikapunguka, mishahara ikakawia. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kampuni ilipochoka, serkle nayo ikachoka. Hakuna aliyeshika ufagio, juu kila mtu alijua moyoni: nyumba hii si yetu, ni ya kampuni.

Mababu zetu hawakuwa na serkle, lakini pa kukutania palikuwa. Wabemba wana insaka, Walega wana lusu, Wanande wana kyaghanda. Hapo wanaume walikaa, kesi zilisikilizwa, mgeni alipokelewa, kijana alijifunza maneno ya wakubwa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na majani. Mvua iliiharibu, watu wakaijenga tena, bila kungojea patron. Na insaka ni kipaa tu kilichosimama juu ya nguzo: haina mlango, kwa hiyo haina ufunguo.

Turudi kwenye serkle. Tuwasifu waliofanya kazi, juu walistahili. Hawakubomoa barza ndefu ya mbele, na jukwaa la zamani liko pale pale. Vijana wanafanya mule mazoezi ya michezo ya Kiswahili, wakifuata njia ya kundi la Mufwankolo lililochekesha mji wetu na kuufundisha. Hilo si jambo dogo.

Lakini ufunguo unakaa kwenye ofisi ya komite, katikati ya mji, mbali na kambi. Anayetaka ukumbi aandike barua, alipe, angojee jibu. Jumamosi moja tuliwakuta akina mama wa likelemba wamekuja na mabinti wao kuwafundisha nyimbo za ndoa. Mlinzi akawaambia: "Mama, kunafungwa. Ufunguo iko ku bilo. Mulipashwa kuandika mukanda." Ndani, vinyago na ngoma vilikuwa vimetundikwa ukutani vizuri sana, na karatasi ya maelezo chini ya kila kimoja. Nje, wenye nyimbo walikaa kwenye barza, wakaimba hapo hapo. Mzee mmoja aliyefanya kazi mgodini akatuambia: "Patron alibadirika, ufunguo ni ule ule."

Komite inajibu kwamba viti vitaibwa. Hatuwezi kudharau neno hilo. Wizi uko, sote tunaujua. Lakini tuulize: mabati na milango viliibwa wakati gani? Viliibwa wakati nyumba ilikuwa haina mwenyewe katika kambi. Mtu anachunga kitu chenye anajua ni chake.

Wengine watasema jengo hubadirika na wakati. Ni kweli. Ukumbi wa michezo wa mji wetu, uliochorwa na Claude Strebelle na wenzake na kumalizika mwaka 1956, uliitwa baadaye Jengo la Tarehe 30 Juni, ukawa makao ya bunge la jimbo. Jukwaa lilikuwa la wachezaji, likawa la wabunge. Lakini mwananchi wa Kenya au Katuba alibaki anapita inje, jana na leo. Kubadirisha kazi ya jengo ni kitu kimoja. Kubadirisha wenye kulikaa ni kitu kingine.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja tu. Ufunguo ushuke kambini, ushikwe na watu watatu: mama mmoja, kijana mmoja, mzee mmoja. Siku fulani za juma ukumbi uwe bure kwa watu wa kambi, na malipo yabaki kwa arusi na mikutano ya watu wa mbali. Ufagio nao uende kwa zamu, si kwa kulazimishwa sawa salongo ya wakati wa Mobutu. Wale mama wakiingia na nyimbo zao, mabinti watajifunza mbele ya vinyago vile vile, na karatasi za ukutani zitapata mtu wa kuzisahihisha.