Mursik ya Sigor na Spora Zisizokufa kwa Moto

Huko Sigor, Kaunti ya Bomet, kazi ya mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, huanzia kwenye kibuyu kitupu. Mama wa Kikipsigis huingiza sosiot, ufito wa mkindu uliopondwa ncha ukawa nyuzinyuzi, akasugua ndani ya sotet, yaani kibuyu hicho, mpaka mabaki ya maziwa ya awali yatoke. Hukisuuza, akakiacha kikauke barabara.

Kisha huchoma kijiti cha mti wa senetwet. Kikishika moto vizuri, hutia makaa yake kibuyuni yangali mekundu na kuyasaga kwa sosiot huku akikizungusha kibuyu mkononi. Mwanzo makaa hukwaruza. Yakisagika, mkwaruzo hufifia. Haachi mpaka ukuta wote wa ndani uvae unga mweusi, laini. Unaozidi hukung'utwa nje.

Ndipo maziwa huchemshwa. Moto huua bakteria wengi, lakini jamii za Bacillus na Clostridium hujificha ndani ya spora: kiini chenye maji machache, kilichofunikwa kwa maganda magumu. Mjerumani Ferdinand Cohn alieleza mwaka 1876 jinsi spora zinavyostahimili maji yanayochemka. Viwanda vya makopo huziangamiza zile za Clostridium botulinum kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa takriban dakika 3. Kwenye nyanda hizi za juu, maji ya sufuria huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.

Kwa hiyo mama hautegemei moto peke yake. Husubiri maziwa yapoe, maana yakimiminwa moto yataua bakteria wa kugandisha waliosalia kwenye vitundu vya kibuyu. Huyamimina, hufunika, hukiweka kibuyu mahali penye ubaridi. Kwa siku kadhaa, hata wiki, hakiguswi. Humo ndani bakteria hao hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. Uchachu ukifikia pH chini ya 4.6, spora za botulinum haziwezi kuchipua. Bado zimo, ila hazina nafasi.

Siku ikifika, hutikisa kibuyu mkaa uchanganyike, akamimina maziwa mazito ya kijivu. Ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wetu wakirudi na medali.

Anayetaka kujifunza kazi hii asiharakishe usafi wa kibuyu wala asipunguze siku za kungoja. Usalama wa mursik hutegemea sana mambo hayo mawili.